Faida za jenomu zianze kuhesabiwa kwenye cheti cha dawa

Mhariri,

Utafiti wa jenomu ya binadamu, yaani vinasaba vyake vyote kwa pamoja, ukiandikwa magazetini huja kwa sura mbili. Kuna ile ya muujiza unaokuja, kwamba siku moja daktari atasoma vinasaba vya mtoto mchanga na kutaja kila maradhi atakayougua hadi uzeeni. Na kuna ile ya anasa, kwamba wanasayansi walikula mabilioni ya dola huku wagonjwa wakikosa vidonge. Sisi tunaofanya kazi na vipimo hivi, maabara na wodini, tunaona zote mbili zinampotosha msomaji. Faida iliyokwisha kufika na inayopimika iko mahali pasipopigiwa tarumbeta: pale daktari anapoamua aandike dawa gani, kwa dozi gani, na nani asiandikiwe kabisa.

Chukua abakaviri, mojawapo ya dawa za kufubaza VVU. Kabla ya kipimo cha jeni kuwepo, kati ya wagonjwa 100 walioianza, 5 hadi 8 walipata mzio ndani ya wiki 6 za mwanzo: homa, vipele, kutapika, kifua kubana. Dawa ikisimamishwa, dalili hutulia. Kosa la hatari ni kumrudishia mgonjwa dawa hiyohiyo baada ya kupona, kwa kudhani ilikuwa malaria au mafua. Mzio wa mara ya pili unaweza kuua kwa saa chache. Wenye mzio wa kweli walikutwa na toleo moja la jeni ya kinga, HLA-B*57:01. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyohusisha karibu wagonjwa 2,000 katika nchi 19. Upande wa waliopimwa kwanza, na wenye toleo hilo wakapewa dawa nyingine, hakutokea hata mzio mmoja uliothibitishwa na kipimo cha kinga. Upande wa waliopewa dawa bila kupimwa, mzio huo uliwapata asilimia 2.7. Ni vigumu kupata mfano mwingine katika tiba ambapo kipimo kimoja, kinachofanywa mara moja maishani, kilishusha mzio uliothibitishwa wa dawa hadi sifuri.

Karbamazepini, dawa ya kifafa, inaonyesha mpaka wa vipimo vya aina hii. Watafiti wa Taiwan waliripoti mwaka 2004 kwamba wagonjwa wote 44 waliobabuka ngozi kwa ugonjwa wa Stevens-Johnson baada ya kuitumia walikuwa na HLA-B*15:02, wakati miongoni mwa walioitumia salama toleo hilo lilikuwa kwa asilimia 3 tu. Lakini toleo hilo limeenea zaidi Kusini-Mashariki mwa Asia na ni adimu sana kwa watu wa asili ya Afrika au Ulaya. Kipimo kilekile kinaokoa ngozi na maisha ya jamii moja, na kwa jamii nyingine kinakula fedha bila kubadilisha lolote. Zaidi ya hapo, asiye na toleo hilo bado anaweza kubabuka kwa sababu nyingine. Upele ukitokea, dawa isimamishwe, cheti cha maabara kiseme kitakavyosema.

Kodeini, dawa ya maumivu, ina somo la namna yake. Yenyewe haitulizi maumivu kwa kiasi cha kuridhisha. Ini huigeuza sehemu yake kuwa mofini kwa kutumia kimeng'enya kiitwacho CYP2D6. Aliyezaliwa bila kimeng'enya kinachofanya kazi humeza vidonge na maumivu yakabaki palepale, kisha huonekana mdeko au mtafuta ulevi. Mwenye nakala za ziada za jeni hiyo hutengeneza mofini nyingi kwa haraka, na mtoto wa namna hii aliyetoka kukatwa tezi za koo anaweza kuacha kupumua usingizini. Baada ya vifo vya watoto, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali mwaka 2013, na mwaka 2017 ikazuia kodeini kwa watoto walio chini ya miaka 12. Hakuna mtoto aliyehitaji kupimwa ili anufaike na uamuzi huo. Ujuzi wa jeni moja ulitosha kubadilisha kanuni ya wote. Wanaosema jenomu ni ya matajiri peke yao hawaihesabu faida hii, kwa sababu haina mashine ya kupiga picha wala mgonjwa wa kuhojiwa.

Sasa tuje kwenye dawa za saratani, ambako faida na mtego vimekaa pamoja. Fluorourasili na ndugu yake kapesitabini hutumika sana kwa saratani ya utumbo mpana na ya matiti. Zaidi ya asilimia 80 ya dozi ya fluorourasili huvunjwavunjwa na kimeng'enya DPD, kinachotokana na jeni DPYD. Mgonjwa mwenye nakala moja mbovu hubaki na dawa mwilini kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa: mdomo hujaa vidonda, kuhara hakukatiki, chembe nyeupe za damu huporomoka. Mwenye nakala mbili mbovu anaweza kufa kwa duru ya kwanza ya matibabu. Ushauri wa kitaalamu uko wazi: nakala moja mbovu, anza na nusu ya dozi kisha pandisha kwa uangalifu, nakala mbili zisizofanya kazi kabisa, tafuta dawa nyingine. Mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza mwaka 2020 wagonjwa wapimwe kabla ya kuanza.

Mtego ni huu. Vipimo vingi vya DPYD hutafuta mabadiliko manne tu, na hayo manne yalichaguliwa kwa sababu yanaonekana kwa watu wa asili ya Ulaya. Kuna badiliko jingine, linalojulikana kwa jina Y186C, ambalo hukutwa kwa watu wa asili ya Afrika na hushusha nguvu ya kimeng'enya hichohicho. Kwenye orodha ya manne halimo. Mgonjwa hupokea karatasi iliyoandikwa "hakuna kilichoonekana", daktari anaandika dozi kamili, na wote wawili wanaamini wamekingwa. Kwa hiyo swali la kuuliza maabara si kama wanapima DPYD. Waulizwe wanapima mabadiliko yapi, moja baada ya jingine, na kama wanaweza kupima pia kiwango cha urasili kwenye damu, ambacho hupanda kimeng'enya kinapokuwa dhaifu bila kujali badiliko ni lipi.

Hapa ndipo suala la jenomu za nani zimesomwa linapoacha kuwa siasa na kuwa famasia. Kufikia 2019, takribani asilimia 79 ya watu walioshiriki tafiti za kulinganisha jenomu nzima na maradhi walikuwa wa asili ya Ulaya. Gharama yake haiishii kwenye dawa. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wa asili ya Afrika walikuwa wamepewa majibu kuwa wana badiliko linalosababisha ugonjwa wa kurithi wa kunenepa kwa misuli ya moyo, badiliko ambalo baadaye lilibainika ni la kawaida na halina dhara. Lilionekana la ajabu kwa sababu watu wa kulinganisha nao hawakuwa na asili hiyo. Watafiti haohao walikokotoa kwamba hata kuongeza idadi ndogo ya Wamarekani weusi kwenye kundi la kulinganishwa kungetosha kuzuia makosa hayo. Jibu kama hilo haliishi kwa mgonjwa mmoja. Ndugu zake nao huitwa kupimwa, na kijana hukatazwa michezo kwa moyo usio na tatizo.

Upande wa pili wa sarafu unafurahisha zaidi, na waandishi wameupuuza. Uchunguzi wa vinasaba vya watu wa asili ya Afrika umewapa wagonjwa wa dunia nzima dawa za lehemu (kolesteroli). Mwaka 2003 watafiti walikuta familia za Ufaransa zenye lehemu nyingi mno kwa sababu ya jeni PCSK9 inayofanya kazi kupita kiasi. Watafiti wengine, Helen Hobbs na Jonathan Cohen wa Dallas, Marekani, wakageuza swali: je, wapo watu ambao jeni hiyo imezimika? Waliwapata. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2006, asilimia 2.6 ya Wamarekani weusi waliochunguzwa walikuwa na nakala moja iliyokatika njiani. Lehemu yao mbaya ilikuwa chini kwa asilimia 28, na hatari yao ya ugonjwa wa mishipa ya moyo ilikuwa chini kwa asilimia 88. Tofauti kati ya namba hizo mbili inastahili kutazamwa: punguzo la kadiri likidumu tangu kuzaliwa hulinda kuliko punguzo kubwa linaloanza mtu akiwa na umri wa miaka sitini. Na kwa kuwa watu hao walikuwa na afya njema, ilitarajiwa mapema kwamba kuizuia PCSK9 hakungedhuru mwili. Mwaka 2015 sindano mbili za kuizuia, alirokumabu na evolokumabu, ziliruhusiwa kutumika. Kutoka kugundua jeni hadi dawa sokoni ilichukua miaka 12, mwendo wa haraka sana katika fani ya dawa.

Ugonjwa wa selimundu ulifuata njia ndefu zaidi. Kosa lenyewe limejulikana kwa miongo mingi: herufi moja ya DNA kwenye jeni ya himoglobini, A ikawa T, na asidi-amino ya glutamiki ikachukuliwa nafasi na valini. Kulijua kosa hakukuleta tiba. Kilichofungua mlango ni ulinganisho wa jenomu za watu wenye himoglobini nyingi ya kichanga (ile ya mtoto akiwa tumboni, isiyo na kosa hilo) na wenye kidogo, uliofanyika mwaka 2007 na 2008, ukaelekeza kwenye jeni BCL11A ambayo hapo awali hakuna aliyeihusisha na damu ya namna hii. BCL11A ndiyo inayozima himoglobini ya kichanga baada ya mtoto kuzaliwa. Tiba iliyoruhusiwa Uingereza mwezi Novemba 2023, na Marekani mwezi uliofuata, hutoa selishina (chembe mama) za damu za mgonjwa, hukata kwa CRISPR, mkasi wa kukatia DNA, kipande kinachoiongoza BCL11A ndani ya chembe zinazozalisha chembe nyekundu za damu, kisha huzirudisha mwilini. Katika majaribio, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha walimaliza angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu.

Tusipake rangi. Kabla ya selishina kurudishwa, uboho wa mgonjwa huteketezwa kwa dawa kali ya busulfani, inayoweza kuondoa uwezo wa kuzaa. Hayo yazungumzwe na kijana na wazazi wake kabla, na mbegu au mayai kuhifadhiwa inapowezekana. Mgonjwa hulazwa kwa wiki kadhaa akiwa hana kinga. Na bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2. Kwa walio wengi, hidroksiurea na chanjo vitabaki ndiyo tiba kwa muda mrefu, na hakuna haya katika kusema hivyo.

Kuna faida nyingine isiyo na dawa wala mkasi: kusahihisha kile tunachokiita "kawaida" kwenye majibu ya maabara. Watu wengi wa asili ya Afrika wana badiliko kwenye jeni ACKR1 linaloondoa alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu. Linawakinga kwa kiasi kikubwa na malaria ya vivaksi, na pia linafanya neutrofili, aina ya chembe nyeupe, zinazohesabiwa kwenye damu ziwe chache, mara nyingine chini ya 1,500 kwa mikrolita, bila kinga yao kudhoofika. Daktari asiyelijua hili huahirisha duru ya dawa za saratani, hunyima klozapini mgonjwa wa akili anayeihitaji, au humtoboa mtu mfupa kutafuta ugonjwa wa uboho ambao haupo. Vivyo hivyo kwa kisukari: mwenye upungufu wa G6PD ana chembe nyekundu zinazoishi muda mfupi, hivyo sukari haipati siku za kutosha kujinata kwenye himoglobini, na HbA1c, kipimo kinachokadiria wastani wa sukari ya miezi michache, husoma chini kuliko hali halisi. Jeni hiyo iko kwenye kromosomu X, kwa hiyo wanaume ndio huathirika zaidi. Mwanaume mwenye dalili za kisukari na HbA1c "nzuri" apimwe sukari yenyewe, ya kufunga au ya saa mbili baada ya kunywa glukosi.

Maradhi adimu ya watoto ndiyo yanayohitaji kusoma jenomu nzima, na huko hatua ndogo huamua kama jibu litapatikana. Damu huwekwa kwenye chupa yenye EDTA, ile ya kifuniko cha zambarau. Chupa ya heparini haifai kwa sababu heparini humzuia "mnakili", kile kimeng'enya cha kuongeza nakala za DNA, na kipimo hugoma. Aliyewahi kupandikizwa uboho achukuliwe kipande cha ngozi, maana damu yake ina vinasaba vya aliyemchangia. DNA hukatwa vipandevipande, kila kipande husomwa herufi 150 hivi kila mwisho, na kila eneo la jenomu husomwa kwa wastani mara 30 ili kosa la mashine litofautishwe na badiliko la kweli. Kila mtu hutokea na tofauti milioni 4 hadi 5 ukimlinganisha na jenomu ya marejeo, na karibu zote hazina neno. Ndiyo maana damu ya wazazi wote wawili ina thamani kubwa: mtoto huwa na mabadiliko mapya 60 hadi 70 tu yasiyo ya baba wala mama, na kutafuta kati ya hayo ni rahisi mno kuliko kutafuta kati ya mamilioni. Maabara ikiletewa sampuli ya mtoto peke yake, na fomu imeandikwa "anachelewa kukua" bila zaidi, itafanya kazi huku imefungwa macho. Mduara wa kichwa, degedege, vipimo vya misuli, ndoa ya ndugu kwa ndugu, vyote viandikwe.

Na hata kila kitu kikienda sawa, jibu halipatikani kwa wote. Katika awamu ya majaribio ya mradi wa Uingereza wa jenomu 100,000, robo ya wagonjwa wa maradhi adimu ndio waliopata jina la ugonjwa wao. Usomaji wa vipande vifupi huweza kupata shida kwenye maeneo yanayojirudiarudia, kama yale ya ugonjwa wa kurithi wa ubongo uitwao Huntington, na hubabaika pale jeni mbili zinapofanana sana. SMN1 na SMN2 ni mfano: kukosekana kwa ile ya kwanza huleta ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli ya watoto, ugonjwa ambao tangu 2016 una dawa zinazofanya kazi vizuri zaidi zikianza kabla ya dalili. Hapo kipimo mahususi cha kuhesabu nakala za SMN1 ni bora na rahisi kuliko jenomu nzima.

Kwa upande wa biolojia tutasema machache, ingawa wenzetu wa fani hiyo watatulaumu. Mradi wa Jenomu ya Binadamu ulianza 1990 na kutangazwa umekamilika Aprili 2003, lakini takribani asilimia 8 ya herufi, hasa viungo vya kati vya kromosomu na mikono mifupi ya kromosomu 13, 14, 15, 21 na 22, zilisomwa kikamilifu mwaka 2022 tu. Jeni zinazotengeneza protini zilidhaniwa kufika hata 100,000. Zikahesabiwa karibu 20,000. Sehemu iliyobaki, iliyowahi kuitwa takataka, inaendelea kutoa majibu. Mwaka 2024 ilibainika kwamba jeni fupi RNU4-2, yenye herufi 141 na isiyotengeneza protini yoyote, ni chanzo cha ulemavu wa ukuaji wa ubongo kwa watoto wengi duniani ambao walikuwa wamepimwa bila jibu. Vipimo vinavyosoma sehemu za protini peke yake visingeweza kuiona. Tena iligunduliwa kwa sababu jenomu nzima za wagonjwa zilikuwa zimehifadhiwa na zinaweza kufunguliwa upya, jambo linalorudi hadi makubaliano ya Bermuda ya mwaka 1996, ambapo maabara za mradi zilikubali kuweka hadharani walichosoma ndani ya saa 24.

Ombi letu kwa waandishi wako ni dogo. Habari ya jeni mpya ikifika mezani, waulize: inabadilisha dawa, dozi au kipimo gani leo? Ilichunguzwa kwa watu wa asili gani, na wangapi? Hatari inayotajwa imeongezeka kutoka ngapi hadi ngapi? "Mara mbili" ya kitu kinachompata mtu mmoja kati ya 10,000 bado ni wawili kati ya 10,000. Na zile alama za kutabiri kisukari au moyo kwa kujumlisha mamia ya mabadiliko madogo, zilizotengenezwa kwa data za Ulaya, hupoteza usahihi zikipelekwa kwa watu wa asili nyingine. Zisiandikwe kana kwamba zinamhusu kila msomaji.

Kwa msomaji aliyekwisha kupimwa: omba nakala ya ripoti yenyewe, yenye tarehe, jina la jeni, badiliko lililoonekana na orodha ya yaliyotafutwa. Majibu ya jeni za dawa hayaishi muda, hivyo yaonyeshe kwa kila daktari na mfamasia mpya. Tangu 2015 maabara nyingi hupanga mabadiliko kwa madaraja matano, kuanzia lisilo na dhara hadi linalosababisha ugonjwa. Daraja la katikati, "maana haijulikani", lisimfanye mtu akatwe titi wala kizazi, na lisitumike kupima ndugu. Rudi kwa aliyekupima baada ya mwaka mmoja au miwili umwombe alitazame tena, kwa kuwa mengi ya daraja hilo yakipata ushahidi mpya huhamia upande usio na dhara.

Ni sisi wasomaji wako,
Wataalamu wa maabara ya vinasaba, madaktari na wafamasia